Zulia la Kahawia: Mwani Juu ya Mchanga wa Tangi Jipya la Bahari

Mwalimu anayeanzisha tangi la maji ya bahari shuleni kwake hupata kwa kawaida wiki moja au mbili za furaha tupu. Kioo hung'aa, maji huwa maangavu, na mchanga uliolazwa chini huwa mweupe kama ulivyokuwa ufukoni. Kisha mchanga huanza kubadilika. Kwanza huonekana madoa hafifu yenye rangi ya kutu mahali penye mwanga mwingi. Baada ya siku tatu au nne madoa hayo huwa yameungana na kuwa zulia la kahawia linalofunika sakafu yote na kupanda juu ya mawe na kioo. Wanafunzi huulizana kama maji yameoza. Mtunza maabara hupendekeza yamwagwe. Na mara nyingi humwagwa kweli: mchanga huoshwa kwa maji ya bomba, kioo husuguliwa, viumbe waliosalia hutiwa katika maji mapya, na kazi huanza tena. Wiki mbili baadaye zulia huwa limerudi, na safari hii viumbe wengine wamekufa.

Makala haya yanakusudia kueleza zulia hilo ni kitu gani, linapata wapi chakula chake, na kwa nini kumwaga tangi ndiyo njia ya hakika ya kulirefushia maisha. Mambo yatakayoelezwa yanahusu tangi dogo, la lita 100 hivi, linaloweza kutunzwa na shule ya sekondari; lakini, kama itakavyoonekana, yanayotokea ndani ya kioo hicho hutokea pia mbele ya miji yetu ya pwani.

Jambo la kwanza ni kutazama. Chukua tone la utando huo kwa bomba dogo la maabara, liweke juu ya kipande cha kioo cha hadubini, na ulikuze mara 100, kisha mara 400. Kile kilichoonekana kuwa matope kitageuka kuwa umati wa vimea vyenye chembe moja moja, vingine vyembamba kama sindano, vingine vyenye umbo la mtumbwi, vyote vikiwa na rangi ya dhahabu iliyofifia. Ukivumilia dakika mbili utaona baadhi yake vikiteleza polepole, bila mkia wala kasia. Hivyo ndivyo diatomu. Ndani yake mna klorofili kama iliyomo katika jani la muhogo, ila ukijani wake umefunikwa na rangi nyingine ya kahawia iitwayo fukozanthini. Kila chembe imejengewa ganda la silika, madini ya jamii ileile ya yale yanayotumika kutengenezea kioo, nalo limechorwa vitundu na mistari kwa ustadi ambao sonara hawezi kuuiga. Vimea hivi havistahili kudharauliwa. Inakadiriwa kwamba diatomu za bahari na maziwa hufanya karibu sehemu moja ya tano ya usanisinuru wote unaofanyika duniani.

Diatomu hazikuzaliwa na tangi. Zilikuja pamoja na maji na mchanga. Mtu aliyezoea kutembea ufukoni maji yakipwa ameziona mara nyingi bila kuzijua: ule mng'ao wa dhahabu unaotanda juu ya tope na mchanga uliolowa wakati jua linapowaka ni mamilioni ya diatomu zilizopanda juu kuufuata mwanga. Katika fukwe nyingi zenye tope laini vimea hivyo hurudi chini kabla maji hayajajaa, visije vikazolewa na mawimbi.

Hapa ndipo swali la maana linapozuka. Kama diatomu zimo baharini siku zote, kwa nini mchanga wa bahari haugeuki kuwa zulia la kahawia kama mchanga wa tangi?

Sehemu ya kwanza ya jibu inatembea kwa miguu minane. Juu ya fukwe za mchanga za Afrika Mashariki, maji yakishapwa, huonekana vitufe vidogo vya mchanga vimepangwa kwa maelfu kuzunguka mashimo madogo. Wafanyao kazi hiyo ni vijikaa visivyozidi ukubwa wa punje ya hindi, wa jamii ya Dotilla. Kaa huyu huchota mchanga kwa magando yake, hukwangua kwa viungo vya mdomo diatomu na uchafu ulioshikamana na punje, kisha huutupa mchanga uliosafishwa ukiwa umeviringwa. Maji yakijaa, vitufe huvunjika. Yakipwa tena, kazi huanza upya. Penye maji ya kina kidogo kazi hiyo hufanywa na konokono wa aina nyingi, na jongoo bahari ambaye humeza mchanga wenyewe, huyeyusha kilichomo na kutoa mchanga safi nyuma yake. Chini zaidi, kati ya punje na punje, wamo minyoo na viumbe vidogo wasioonekana kwa macho matupu. Kwa ufupi, mchanga wa bahari ni malisho, na malisho hayo yana wachungaji na ng'ombe wake. Mchanga wa tangi jipya, hasa ule uliooshwa kwa maji ya bomba, ni malisho yasiyo na ng'ombe hata mmoja, kwa kuwa maji baridi huua karibu viumbe wote waliokuwamo.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1849 mkemia wa London aitwaye Robert Warington alitia katika chombo cha maji baridi samaki wawili wa rangi ya dhahabu na mimea ya majini, akitaka kuthibitisha kwamba mimea na samaki vinaweza kulishana hewa: samaki hutoa hewa ya kaboni, mmea huitumia na kurudisha oksijeni. Hesabu yake ilikuwa sahihi, lakini jaribio lilianza kuharibika. Majani yaliyokufa yalioza, na utando wa kijani ukatanda juu ya kioo. Warington akaongeza kiumbe wa tatu, konokono wa bwawani. Konokono wakala majani yaliyooza pamoja na utando, maji yakatakata, na mayai yao yakawa chakula cha samaki. Taarifa aliyoitoa mwaka 1850 huhesabiwa kuwa miongoni mwa misingi ya elimu ya kutunza viumbe wa majini ndani ya kioo.

Sehemu ya pili ya jibu inahusu rutuba, na kwa bahati njema inaihusu pia familia hiyohiyo. Mtoto wa mkemia huyo, naye aliitwa Robert Warington, alifanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted huko Uingereza. Mwaka 1877 Wafaransa wawili, Schloesing na Müntz, walikuwa wameonyesha kwamba amonia iliyomo katika maji machafu hugeuzwa kuwa nitrati na viumbe hai. Warington mtoto alilithibitisha jambo hilo kwa udongo, na akaonyesha kwamba kazi hiyo hufanywa kwa hatua mbili: amonia hugeuka kwanza kuwa nitriti, na nitriti hugeuka kuwa nitrati. Hakufaulu kuwatenga bakteria wenyewe. Aliyefaulu ni Mrusi Sergei Winogradsky, mwaka 1890, akiwa Zürich.

Hatua hizo mbili ndizo zinazoendelea katika mchanga wa tangi jipya. Samaki akijisaidia, au chakula kisicholiwa kikioza, amonia huingia majini. Amonia ni sumu kali kwa samaki. Bakteria wa hatua ya kwanza huanza kuongezeka juu ya punje za mchanga na juu ya mawe. Baada yao huja wale wa hatua ya pili. Wote huzaana polepole kuliko bakteria wa kawaida, na katika joto la pwani yetu, nyuzi 25 hadi 29 za Selsiasi, huchukua kama wiki 4 hadi 6 kabla ya kutosha. Katika muda huo hakuna kiumbe anayeitumia rutuba hiyo kwa haraka kuliko diatomu, kwani zenyewe huweza kugawanyika mara moja kwa siku au zaidi. Zulia la kahawia, basi, ni dalili kwamba hesabu ya tangi bado haijakaa sawa. Na anayeuosha mchanga wote kwa maji ya bomba katika wiki ya tano huwaua bakteria walewale aliokuwa akiwangojea, karibu kabisa na siku ambayo wangekuwa tayari.

Inafaa wanafunzi waifanye hesabu hiyo wenyewe, maana ndiyo kiini cha suala zima. Tuseme chakula kikavu cha samaki kina protini asilimia 45. Protini, kwa wastani, huwa na naitrojeni asilimia 16. Kwa hiyo gramu moja ya chakula ina naitrojeni gramu 0.072, yaani miligramu 72. Kama naitrojeni yote hiyo ingegeuzwa kuwa nitrati, na tukikumbuka kwamba katika gramu 62 za nitrati naitrojeni ni gramu 14 tu, tungepata nitrati miligramu 319 hivi. Katika tangi la lita 100 hiyo ni miligramu 3.2 kwa kila lita. Maji ya juu ya bahari ya tropiki, mbali na mito na miji, kwa kawaida huwa na nitrati isiyofikia miligramu 0.1 kwa lita. Gramu moja tu ya chakula, ambayo ni kiasi cha kushikwa kwa ncha za vidole, huweza basi kuyafanya maji ya tangi yawe na nitrati mara 30 au zaidi kuliko bahari alikotoka samaki. Ni kweli kwamba sehemu ya naitrojeni hubaki katika mwili wa samaki anayekua, lakini sehemu kubwa hutoka.

Sasa tuendelee. Mwalimu anayelisha gramu moja kila siku huingiza miligramu 22 kwa lita kila wiki. Akibadilisha sehemu moja ya tano ya maji kila Ijumaa, huondoa sehemu moja ya tano ya nitrati iliyomo. Kiasi kitaendelea kupanda mpaka kile kinachoondolewa kilingane na kile kinachoingia, na hilo hutokea pale tu kiasi kilichomo kinapokuwa mara tano ya kinachoingia kwa wiki: miligramu 110 kwa lita. Maji yatakuwa yakibadilishwa kwa bidii kila Ijumaa na mwani utaendelea kustawi. Lakini akilisha gramu 0.2 tu kwa siku, kiasi kile kitashuka hadi miligramu 22 bila kuongeza ndoo hata moja ya maji. Kijiko cha chakula kina nguvu kuliko ndoo ya maji. Na kwa maoni ya mwandishi, kama shule ina nafasi ya kushika kanuni moja tu, basi ishike hii ya kulisha kidogo, mara moja kwa siku, na kuondoa kisicholiwa baada ya dakika tano.

Pamoja na naitrojeni imo fosfati. Mwaka 1934 Mmarekani Alfred Redfield alionyesha kwamba vimea vya bahari huwa na atomu za naitrojeni na za fosforasi kwa uwiano unaokaribiana sana, ambao baadaye ulikubaliwa kuwa takriban 16 kwa 1. Mwani unahitaji vyote viwili, na uwiano ukipotoka sana upande mmoja hupatikana mazulia ya aina nyingine, kama tutakavyoona.

Diatomu zina mahitaji ya tatu, ambayo ndiyo yanayozitambulisha: silika ya kujengea maganda. Watu wengi hulaumu mchanga. Kuna mchanga wa aina mbili katika pwani yetu, na ni rahisi kuupambanua kwa kudondoshea siki. Ukitoa mapovu, ni mchanga wa chokaa uliotokana na matumbawe, makombe na mwani wa chokaa. Ukikaa kimya, ni punje za kwatzi zilizoletwa na mito kutoka bara. Kwatzi ni silika, lakini huyeyuka polepole mno, na si haki kuibebesha lawama yote. Mara nyingi mkosaji ni maji ya kujazia. Maji ya tangi hupungua kwa mvuke, chumvi ikabaki, na mtunzaji huongeza maji baridi kila siku mbili ili chumvi isizidi gramu 35 za kawaida katika kilo moja ya maji. Akitumia maji ya kisima au ya bomba yaliyopita katika miamba, na hasa miamba ya volkano, huongeza silika kila anapoongeza maji. Maji ya mvua hayana silika ya kutajika. Yakingwe baada ya mvua ya kwanza kuosha paa, na yasitoke katika mabati mapya, kwa kuwa zinki iliyopakwa juu ya bati huwadhuru konokono na kaa. Anayetumia maji hayo huona kwamba diatomu, zikishamaliza silika iliyokuwamo, hupungua zenyewe. Zulia hupauka, huchanika vipande, na baada ya wiki chache mchanga huonekana tena.

Nimesema zulia hupungua lenyewe. Hiyo haina maana kwamba mtunzaji akae kitako. Mwanga ni wa kwanza kusimamiwa. Tangi lisiwekwe dirishani. Jua la pwani kupitia kioo hulisha mwani na kuyapasha maji joto kupita kiasi. Taa ya saa 6 hadi 8 kwa siku inatosha, na iwashwe na kuzimwa kwa saa zilezile. Maji ya kujazia tangi mara ya kwanza yachotwe wakati maji yamejaa, mbali na mito, bandari na mabomba ya maji machafu, na si katika siku za masika, kwani mafuriko huleta rutuba ya mashamba hadi baharini. Yawekwe gizani siku chache katika vyombo vya plastiki safi, kisha yachujwe kwa kitambaa. Shule za bara zinazotengeneza maji ya bahari kwa chumvi zisitumie chumvi ya jikoni, ambayo ni kloridi ya sodiamu karibu tupu. Bahari ina pia magnesiamu, kalsiamu, potasiamu na salfati, na viumbe wake hawawezi kuishi bila hizo.

Kuhusu mchanga wenyewe, unene wa sentimita 3 hadi 5 unatosha. Katika mchanga wenye kina kirefu oksijeni haifiki chini. Huko bakteria wa aina nyingine hugeuza nitrati kuwa hewa ya naitrojeni inayotoka majini, na hilo ni jema. Lakini huko huko hutengenezwa pia haidrojeni salfaidi, ile hewa yenye harufu ya yai bovu ambayo mtu huisikia akichimba tope jeusi la mikokoni. Wanafunzi wakikoroga mchanga wa namna hiyo hewa hiyo hupanda na kuwaua samaki. Katika tangi la darasani, ambalo mikono mingi itapita, mchanga mwembamba ni salama zaidi. Sehemu kubwa ya mchanga huo inaweza kuwa iliyooshwa. Lakini juu yake patandazwe vikombe viwili vya mchanga uliochotwa ufukoni siku hiyohiyo na kuletwa ukiwa bado umelowa maji ya bahari. Vikombe hivyo vina bakteria, minyoo na walaji wadogo wa kila namna.

Zulia likizidi lifyonzwe kwa mpira mwembamba wa maji, uliojazwa maji kwanza ili usinyonywe kwa mdomo, tena lifyonzwe kipande kwa kipande: robo ya sakafu wiki hii, robo nyingine wiki ijayo. Utando ukitoka, rutuba iliyomo mwilini mwake hutoka nayo. Kuukoroga utando bila kuufyonza ni kuhamisha deni kutoka mfuko mmoja hadi mwingine.

Halafu waletwe walaji, lakini baada ya amonia na nitriti kutoonekana tena katika vipimo. Konokono wadogo warefu wa jamii ya Cerithium, wanaopatikana kwa wingi penye mawe na majani ya bahari, hukwangua mchanga usiku na mchana. Sita hadi kumi wanatosha kwa lita 100, na zaidi ya hapo watakufa njaa kazi ikiisha. Kaa wadogo wanaoishi katika makombe ya konokono waliokufa hufaa pia, ila waachiwe makombe matupu, la sivyo watawaua konokono ili wachukue nyumba zao. Jongoo bahari asiletwe, ingawa baharini ndiye bingwa: tangi dogo halina chakula cha kumtosha, na akiumia hutoa sumu inayoweza kuua samaki wote.

Hapa pana onyo ambalo mwalimu hana budi kulitoa kabla ya kwenda ufukoni. Wamo katika bahari yetu konokono wa jamii ya Conus, wenye kombe la umbo la pia, lililopambwa kwa michoro ya kuvutia. Wana mwiba wenye sumu, na sumu ya baadhi yao imewahi kuua watu. Mwanafunzi asiokote konokono hai wa umbo hilo, wala asimtie mfukoni. Aidha, kukusanya viumbe hakuruhusiwi kila mahali. Pana hifadhi za bahari, kama ile ya Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995, na hata nje ya hifadhi ni vyema Bwana Samaki wa wilaya aulizwe kwanza.

Pana watakaouliza: kwa nini kuhangaika hivi, wakati dawa zipo? Mrututu, ambao ni salfati ya shaba, huua mwani kweli. Lakini mrututu huohuo umewahi kutumika katika mifereji ya umwagiliaji kuua konokono wanaoeneza kichocho. Atakayeutia katika tangi atawapoteza konokono, kaa na minyoo, yaani ng'ombe wote wa malisho yake, na sehemu ya shaba itashikwa na mchanga wa chokaa na kubaki humo. Dawa za kuua bakteria, ambazo baadhi ya watunzaji wa nchi za nje huzitumia, hazifai kabisa katika shule. Huweza kuwadhuru bakteria wa amonia, na maji yake yakimwagwa huwafundisha bakteria wengine kuzizoea dawa ambazo hospitali zinazihitaji.

Si kila zulia ni la diatomu. Likiwa jekundu la zambarau au kijani kilichoiva, laini kama kamasi, likibanduka kama kipande cha ngozi na kubeba mapovu, basi hao ni siyanobakteria. Baadhi yao huweza kuichukua naitrojeni ya hewani iliyoyeyuka majini, na kwa hiyo kuwanyima nitrati peke yake, huku fosfati ikiwa nyingi, ni kuwapa nafasi dhidi ya washindani wao. Hupenda pembe ambazo maji hayatembei. Wafyonzwe, bomba la hewa lielekezwe kwenye pembe hizo, chakula kipunguzwe, na ikibidi tangi lifunikwe kwa kitambaa cheusi siku tatu, hewa ikiendelea kupulizwa wakati wote kwa sababu utando unaooza hula oksijeni. Aina ya tatu ni ya kahawia kama diatomu, lakini yenye nyuzi za utelezi na mapovu, na huenda ikapungua usiku na kurudi mchana. Chini ya hadubini chembe zake haziteleza. Huogelea zikizunguka, kwa kuwa zina mijeledi. Hizo ni dinoflajelata. Nyingine zina sumu, na konokono wanaoanza kuanguka chali ndio dalili. Hizi huweza kutokea pale mtunzaji mwenye bidii ya kupita kiasi alipoondoa nitrati na fosfati zote kabisa, akawafisha njaa washindani wao. Ndiyo sababu hadubini itangulie tiba. Mazulia mawili yenye rangi moja yanaweza kuhitaji matendo yanayopingana.

Njia nyingine inayostahili kutajwa ni ya Walter Adey, wa Taasisi ya Smithsonian ya Marekani, ambaye kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 alitunza vipande vya miamba ya matumbawe ndani ya matangi. Yeye hakuupiga vita mwani. Aliujengea shamba lake: wavu uliolazwa katika mfereji wenye mwanga mkali, ambamo maji ya tangi yalipita kwa mawimbi. Mwani ulistawi pale, ukala rutuba, na ukavunwa kila baada ya siku chache; mchangani palibaki chakula kidogo tu. Shule inaweza kuiga kwa karai, kipande cha wavu na taa ya ziada, mradi pawe na pampu ndogo.

Bahari nayo haina atakayeimwaga na kuianza upya. Mwaka 1995 ulichapishwa utafiti uliofanywa karibu na Mji wa Zanzibar, ambao Profesa Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa miongoni mwa watafiti wake. Ulionyesha kwamba mwani mgumu wa chokaa, ambao hugandisha miamba ya matumbawe kama saruji, ulikuwa haba zaidi kadiri mtu alivyoukaribia mji na maji yake machafu, na fosfati ilitajwa kuwa chanzo. Kijiko cha chakula katika tangi na bomba la maji machafu katika pwani vinaingia katika hesabu moja.

Darasa lisilo na tangi linaweza kuifanya hesabu hiyo kwa mitungi minne ya kioo. Kila mmoja utiwe mchanga wa ufukoni wa sentimita 2 na lita moja ya maji ya bahari. Wa kwanza uachwe hivyohivyo karibu na dirisha, pasipofikiwa na jua moja kwa moja. Wa pili uwekwe hapohapo, utiwe chembe moja ya mbolea ya NPK, ndogo kama kichwa cha kiberiti. Wa tatu utiwe mbolea kiasi hichohicho na ufunikwe kwa karatasi nyeusi. Wa nne utiwe mbolea, uachwe penye mwanga, na baada ya siku kumi uongezewe konokono wawili wadogo, ambao warudishwe baharini jaribio likiisha. Kila siku ya tatu, saa ileile, wanafunzi wachore ramani ya sakafu ya kila mtungi kwenye karatasi ya mirabaraba na kuhesabu miraba iliyofunikwa, na mara moja kwa wiki watazame tone la utando kwa hadubini. Jaribio lichukue wiki tano. Mtungi wa nne uchorwe kwa kalamu ngumu iliyochongwa vizuri, kwa sababu njia walizopita konokono huonekana juu ya utando kama mistari myeupe, na urefu wake unaweza kupimwa kwa uzi.